Gari ya umeme inanuka kuungua: anza kukagua hapa

Swali huja vile vile kila mara: "Nimenunua Leaf imeshuka meli juzi tu, jana nikasikia harufu ya kuungua, je betri inataka kulipuka?" Jibu fupi ni kwamba mara nyingi betri kubwa haihusiki kabisa. Kinachonuka ni plagi ya ukutani, breki iliyokamata, ama waya wa redio uliofungwa na kijana wa aksesari kwa selotepu. Lakini zipo mara chache ambapo kweli ni betri, na ikiwa ni betri hutakuwa na nafasi ya kusoma chochote, kwa hivyo hatua ya 1 isome leo gari ikiwa nzima, usingoje siku ya moshi.

Natumia Nissan Leaf kama mfano kwa sababu ndiyo gari ya umeme iliyotumika ambayo wengi wetu tunaweza kuifikia kwa bei. Kama yako ni nyingine mpangilio wa kukagua ni huu huu, ila vitu vitakuwa vimekaa mahali pengine.

Tafuta hivi kabla hujaanza

- Tochi nzuri. Ya simu inakubali lakini itakuudhi ukiwa umelala chini ya gari.
- Kipimajoto cha kupimia kwa mbali, kile cha mafundi wa friji. Sio kile cha paji la uso cha wakati wa korona, hicho kimetengenezwa kwa joto la mwili tu na breki itakishinda.
- Maltimita, hata ya bei rahisi, kwa kupima betri ndogo ya volti 12.
- Jeki, stendi za kushikilia gari, wili spana na mawe mawili ya kuzuia magurudumu.
- Kidude cha OBD cha Bluetooth (kinachomekwa kwenye tundu la kusomea kompyuta ya gari) na programu ya Leaf Spy kwa simu. Si lazima, lakini inamaliza ubishi mwingi.
- Pua ya mtu wa pili. Hii sio mzaha, ukikaa ndani ya gari muda pua yako inazoea na haisikii kitu tena, mtu anayetoka nje ndiye atakuambia harufu iko wapi.

Onyo moja ambalo halina mjadala: nyaya zote za rangi ya machungwa usiguse, usifungue, usikate, na usimwachie fundi yeyote aziguse eti "zimezimwa". Betri kubwa ya Leaf ina karibu volti 360 za DC, ikijaa inakaribia 400. Kuzima gari hakuondoi umeme ndani ya betri, na vifaa vingine hubaki na chaji kwa dakika kadhaa hata baada ya kukatwa. Kila kitu nilichoandika hapa unaweza kukifanya bila kugusa waya wa machungwa hata mmoja.

Hatua ya 1. Amua: unakimbia au unakagua?

Unakimbia ukiona ama kusikia lolote kati ya haya: moshi unatoka chini ya sakafu, sauti ya kufoka kama gesi inavuja, vishindo vidogo vidogo vinavyofuatana, ama harufu tamu na kali ya kemikali inayofanana na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hiyo ndiyo betri kubwa.

Simama, weka P, zima gari, toeni watu wote, mwende mbali kama mita 30 upande upepo unakotoka. Usifungue boneti kuchungulia. Usirudi kuchukua begi. Moshi wa betri za lithiamu una gesi ya sumu inayochoma mapafu, kwa hivyo hata ukiona "ni moshi kidogo tu" usiuvute. Piga 999 ama 112 ukiwa Kenya, Tanzania zimamoto ni 114, na uwaambie wazi kwamba ni gari ya umeme, kwa sababu hawa watahitaji maji mengi kuliko gari ya kawaida na watahitaji kuendelea kuipoza hata moto ukishazimika. Kizima moto chako cha kilo moja kinaweza kuokoa waya wa redio ulioshika moto, betri kubwa hakiiwezi.

Ikiwa gari inachajiwa wakati huo, zima breka kwenye ubao wa umeme kama unaufikia salama. Usiende kuchomoa plagi inayotoa moshi kwa mkono.

Na gari iliyofanya hivyo hairudi kulala ndani ya karakana ama chini ya dirisha la chumba cha watoto. Betri ya aina hii inaweza kuwaka tena baada ya masaa, hata siku. Vile vile gari iliyozama kwenye mafuriko, hasa maji ya chumvi, iweke mbali na nyumba mpaka ikaguliwe hata kama inawaka taa zote vizuri.

Kama hakuna dalili hata moja ya hizo, tulia, endelea hatua ya 2.

Hatua ya 2. Jiulize inanuka saa ngapi, na inanuka nini

Kwanza hakikisha ni gari yako. Ukipanda mlima wa Mazeras nyuma ya malori, harufu ya breki na klachi utakayosikia ni yao. Geuza hewa ya AC iwe ya kuzunguka ndani, sogea, simama mahali pengine, unuse tena. Wengi wanamalizia hapa.

Kama inaendelea, wakati ndio unakupa jibu kuliko kitu kingine chochote. Inanuka ikichajiwa tu? Nenda hatua ya 3. Ikitembea tu? Hatua ya 4. Hata ikiwa imesimama na kuzimwa? Hatua ya 5. Ukiwasha AC ama hita tu? Hatua ya 6.

Halafu aina ya harufu:

- Plastiki iliyoyeyuka, ama kitu kama samaki aliyeharibika: ni umeme, plagi, soketi, waya au kiunganishi kinapata joto. Watu wengi hutafuta samaki aliyemwagika kwenye buti wakati soketi inaungua ukutani.
- Chuma na vumbi kali linalokwaruza koo: breki.
- Mpira: tairi inasugua mahali, ama waya.
- Mayai yaliyooza: betri ndogo ya volti 12 inachemka.
- Utamu mwepesi kutoka chini ya boneti: huenda maji ya kupozea yanavuja. Leaf inayo, yanapoza mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) na chaja ya ndani ya gari, angalia kidumu chake kama kimeshuka chini ya alama. Utamu unaotoka chini ya sakafu ni hatua ya 1, sio hii.

Hatua ya 3. Inanuka ikichajiwa: plagi na soketi

Hapa ndipo nitakaa zaidi kwa sababu hapa ndipo penye balaa nyingi, na ni balaa la nyumba, sio la gari peke yake.

Kebo inayokuja na Leaf ya Japani imetengenezwa kwa volti 200 na ampea 15, na plagi yake ya Kijapani haiingii kwenye ukuta wetu. Kwa hivyo mtu anafanya nini? Anakata plagi ile, anafunga ya kwetu ya pini tatu ya 13A, inachaji, anafurahi. Sasa plagi ya 13A inabebeshwa 15, na sio dakika tano kama birika la chai, ni masaa saba ama nane mfululizo kila usiku. Na fyuzi ya 13 ndani ya plagi haikatiki haraka kwa ampea 15, inaendelea kubeba huku inachemka polepole, inapika plagi kutoka ndani. Hapo weka na soketi ya zamani iliyolegea, na huku pwani hewa ya chumvi imeshatia kutu ya kijani kwenye shaba, basi umepata harufu yako.

Fanya hivi:

a) Chaji kwa nusu saa, kisha pima joto la plagi, soketi, na pale kebo inapoingia kwenye gari. Uvuguvugu ni sawa. Ikifika nyuzi 60 hivi, au huwezi kuishika plagi kwa kiganja sekunde kadhaa, simamisha.

b) Zima swichi, ngoja ipoe, chomoa. Angalia pini. Kahawia, weusi, plastiki iliyopinda, ama pini moja rangi tofauti na wenzake, hiyo plagi imekwisha. Soketi iliyokuwa nayo pia imekwisha, zibadilishe zote mbili pamoja, kwa sababu soketi iliyoungua itaunguza plagi mpya ndani ya wiki chache.

c) Angalia bunduki ya kuchajia na tundu la gari kwenye pua. Pini tano, zote ziwe na rangi moja. Kama moja imebadilika rangi, usichaji kwa hiyo kebo tena. Tundu la gari likiwa limeungua ni kazi ya mtu wa magari ya umeme, linaungana na waya wa machungwa nyuma yake.

d) Ekstensheni: iache. Kama ni dharura kabisa, iwe nene na uikunjue yote, ile ya kuzungushwa kwenye ringi ikiachwa imejikunja inapata joto katikati na kuyeyuka kabla hujajua.

e) Suluhisho la kudumu ni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) akuvutie laini ya gari peke yake kutoka kwenye ubao: kebo ya milimita 4 za mraba kwa ampea 15 (mimi ningeweka 6 kabisa, tofauti ya bei si kubwa na kesho utanunua chaja kubwa), breka yake yenyewe, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, ethi ya kweli iliyopimwa, na soketi ya komando ya buluu, ile ya viwandani, badala ya ile ya pini tatu. Kama umepanga nyumba, na mwenyewe hataki kuguswa ukuta wake, basi tafuta kebo ya kuchajia inayokubali kupunguzwa na uiweke ampea 10 au 8. Joto linapanda kwa mraba wa ampea, kwa hivyo kushuka kutoka 13 hadi 10 kunaondoa karibu asilimia 40 ya joto. Utachaji polepole, sawa, lakini si umelala?

Kosa la kawaida hapa: kuweka breka kubwa zaidi kwa sababu ile ndogo "inasumbua kukata". Breka inayokata inakuambia kitu. Ukiweka kubwa unaihamishia kazi waya iliyo ndani ya ukuta, na waya haina swichi.

Hatua ya 4. Inanuka ikitembea: breki na tairi

Gari ya umeme haitumii breki sana, mota yenyewe ndiyo inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Inasikika vizuri, na pedi zinadumu kweli, lakini ubaya wake ni kwamba breki isiyofanya kazi inashika kutu. Pini za kalipa zinakauka, pedi inabaki imegusa diski wakati wote, unatembea na breki imefungwa nusu. Mtu wa Nyali ama Bamburi anayeegesha karibu na bahari ataliona hili mapema kuliko wa Nakuru.

a) Hakikisha breki ya kuegeshea imeachia. Usicheke, ni jambo la kwanza la kuangalia.

b) Endesha kilomita tano hadi kumi barabara tambarare, ukipunguza mwendo kwa mota zaidi ya kanyagio. Simama taratibu, shuka, pima joto la kila diski kupitia matundu ya rimu. Usiguse kwa kidole. Linganisha kushoto na kulia, mbele na mbele, nyuma na nyuma. Moja ikiwa na joto mara mbili ya mwenzake, ndiyo hiyo.

c) Mahali tambarare, mawe kwenye magurudumu mengine, legeza nati kabla hujainua, inua, weka stendi. Jeki peke yake haishikilii mtu. Na kwenye gari hii jeki inawekwa pale kwenye alama za pembeni tu, kati ya magurudumu chini kote ni betri, ukiisukuma jeki pale umejitafutia hatua ya 1 mwenyewe.

d) Zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, fungua kalipa, toa pini zake, safisha kutu, paka grisi ya breki ya silikoni. Sio grisi ya beringi, ile inavimbisha mipira na baada ya miezi michache utakuwa umerudi pale pale. Pedi iliyopasuka au iliyometameta kama kioo, badilisha pande zote mbili. Kama pistoni ndiyo imekamata badala ya pini, mpe fundi wa breki, na huyu anaweza kuwa fundi yeyote mzuri wa kawaida kwa sababu breki za Leaf ni breki tu. Ila baadhi zina breki ya kuegeshea ya umeme, kwa hizo kalipa ya nyuma usiifungue kabla fundi hajajua inavyoachiliwa.

Ukishamaliza, jizoeshe mara moja moja kukanyaga breki vizuri ukiwa kwenye N, barabara ikiwa wazi na huna mtu nyuma. Kwenye N mota hairudishi umeme kwa hiyo breki zenyewe ndizo zinafanya kazi na kusafisha kutu.

Ukiwa chini hapo hapo angalia tairi. Gari nyingi zikifika hapa zinainuliwa kwa spesa ili zipite matuta, na ile plastiki ya ndani ya madigadi inapoteza vibana vyake na kuanza kusugua tairi. Utaona mstari unaong'aa kwenye mpira. Kagua pia kava ya chini kama inaning'inia, na mifuko ya plastiki iliyojikunja kwenye diski. Pedi mpya hunuka siku za kwanza, hiyo inaisha yenyewe.

Hatua ya 5. Inanuka hata imezimwa: waya zilizoongezwa

Traka ya kampuni ya bima (kifaa cha kufuatilia gari ilipo), alamu, redio ya Kijapani iliyowekewa kidude cha kupanua mawimbi ya FM, kamera ya mbele, taa za chini ya viti. Zote hizi zinachukua umeme wa volti 12, na ndogo isikudanganye, betri ya volti 12 ina nguvu ya kutosha kuwasha moto kwenye dashibodi.

Ondoa waya hasi wa betri ndogo kwanza. Kisha fungua kisanduku cha fyuzi, tafuta waya ambao haufanani na wa kiwandani: rangi tofauti, umesokotwa kwa mkono, umezungushiwa tepu. Ufuate mpaka mwisho. Gamba likiwa limelainika au limekauka na kupasuka, hapo ndipo. Tafuta pia fyuzi yenye namba kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, na ndiyo, utakuta karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Rudisha fyuzi ya namba ile ile. Kama hujui kifaa ni cha nini na gari imekuja nacho kutoka kwa mwenyewe wa zamani, kitoe.

Kwa harufu ya mayai: rudisha waya, washa gari iwe tayari kutembea, pima betri ndogo. Kati ya 13 na 14.5 ni sawa. Ikivuka 15, au betri imevimba tumbo, usiendelee kuitumia.

Hatua ya 6. Inanuka ukiwasha hewa

Hita ambayo haijawashwa miezi mingi hunuka vumbi kuungua dakika chache za kwanza, watu wa Limuru wanaijua kila Julai. Fungua madirisha, iache iendelee, inaisha. Isipoisha, toa filta ya kabini. Panya wanapenda pale, majani makavu pia, na yakiifikia feni inalia na kunuka. Feni inayolia na kunuka pamoja ibadilishwe, isitiwe mafuta.

Hatua ya 7. Soma betri kubwa kwa Leaf Spy

Unganisha kidude, angalia joto la betri na tofauti ya volti kati ya seli. Sensa za joto zinatakiwa zikaribiane. Seli zikipishana kwa milivolti chache chache ni kawaida, lakini moja ikiwa chini ya wenzake kwa mamia ya milivolti, au sensa moja iko juu peke yake bila sababu, acha kuchaji kwa kasi na umpelekee mtu wa betri. Ukimaliza kitoe kidude, kikiachwa kinakunywa betri ndogo.

Bado hujapata?

*Harufu inakuja na kupotea.* Andika: ilikuwa mvua, ilikuwa inachajiwa asilimia ngapi, umbali, AC. Mvua mara nyingi inaelekeza kwenye kiunganishi kilichoingia maji.

*Chaja inakata katikati ya usiku na kuna harufu karibu na pua ya gari.* Rudia 3c mchana kwa tochi. Pini ziko safi? Basi angalia maji ya kupozea, chaja ya ndani inajikata ikizidi joto.

*Breki nimesafisha na diski ile ile bado ina joto.* Mpira wa breki, ule mrija, huziba kwa ndani ukizeeka, unaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Gurudumu likiachia hapo hapo, badilisha mrija.

*Harufu ya umeme, inatoka chini ya boneti, na waya zote za volti 12 nimekagua.* Hapo umefika kwenye inveta, chaja au viunganishi vya machungwa. Usiichaji, usiiendeshe, ita lori la breki dauni la kubeba gari juu. Leaf haivutwi magurudumu ya mbele yakiwa chini.